Korosho Moja Juu ya Ubao Mpya

Juzi, katika duka moja la vifaa vya ujenzi la Rahaleo, muuzaji alikuwa akimsifia mama mmoja ubao wa plastiki wa kutandika juu ya meza ya jikoni. "Unapangusa tu, mama, unang'aa."

Mama akafungua pindo la khanga, akatoa korosho isiyobanguliwa, akaiponda palepale juu ya ubao kwa jiwe la mizani. Duka zima tukasogea kutazama. Muuzaji akapangusa mafuta ya ganda, akasugua mpaka jasho likamtoka. Doa likabaki. Akaenda kusimama mlangoni.

"Umeniharibia mali. Hutoki."

"Kwangu tunabangua kila siku," mama akamjibu polepole. "Nipe saruji, nitajengea meza yangu."

Ubao kama ule ninao tangu mwaka jana. Hauna doa hata moja. Mke wangu anafanyia kazi zote sakafuni.