Nabra na Usubi wa Halfa

Usubi huja Halfa, mji wetu wa ukingoni mwa ziwa, baridi inapoanza, saa ambazo jua limeegemea jangwa. Kwanza huonekana kama moshi juu ya maji. Halafu moshi unasogea, halafu unagundua kwamba moshi una sauti. Ni wadudu wadogo kuliko punje ya uwele, wa kijani, na hawaumi. Hilo ndilo lililowafanya watu wasiwashuku kwa muda mrefu. Mdudu asiyeuma ana kosa gani? Wazee walifunga kamba ya nyuzi za mtende kwenye kilemba, wakaiwasha ifuke taratibu mbele ya uso, wakaendelea na shughuli zao kama watu waliovaa mawingu.

Nabra alizaliwa katika Halfa ya zamani, ile iliyo chini ya ziwa. Alikuwa msichana mdogo bwawa la Aswan lilipozuia mto na maji yakaanza kupanda, na alichokikumbuka zaidi hakikuwa kilio bali ukimya: maji yaliingia uani bila kubisha, yakauzunguka mtungi, yakaunyanyua kwa upole. Garimoshi lilibeba karibu mji mzima kwenda mashariki, kwenye nyumba za serikali zilizopangwa safu safu. Mama yake, Dahiba, ambaye alikuwa mjane, hakupanda. Alihamishia vitu vyake kwenye mwinuko, akajenga. Maji yakamfuata. Akahama, akajenga tena. Kila mara alianza na mlango, na kila mara mlango ulitazama maji. Kwetu nyumba hutazama mto, maana chini ya maji wanakaa watu wa mtoni wasioonekana, na hata mto ulipogeuka kuwa ziwa hakuna aliyeona sababu ya kugeuza mlango.

Pumzi ilianza kumsumbua Dahiba baada ya ziwa kutulia. Majira ya baridi alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, kifua kikipiga mluzi kama mtu anayemwita mwenzake kwa mbali. Mganga wa zahanati alisema ni huzuni. Mji mzima uliobaki ulikuwa na huzuni, na mji mzima ulikuwa unakohoa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Nabra peke yake alijiuliza, tena akiwa bado shuleni, kwa nini huzuni ije na baridi na kuondoka na joto.

Aliondoka na swali hilo hadi Khartoum, akasomea udaktari, kisha kinga ya mwili na maradhi ya mzio. Aliporudi mara ya kwanza na vichupa vyake, watu walijaa uani kwa Dahiba kama vile kuna arusi. Shalali, jirani aliyepika maisha yake yote katika mahoteli ya Cairo na kurudi na tumbo la hoteli nzima, ndiye aliyejitolea kwanza. Alikunja mkono wa kanzu.

"Dokta," alisema, "umesoma mpaka macho yamekuwa mekundu, kumbe ulikuwa unajifunza kukwaruza watu?"

"Tulia, mjomba. Na usijikune."

"Mimi nimekwaruzwa na paka wa Cairo, sembuse wewe."

Nabra alimdondoshea matone mkononi: vumbi la nyumba, chavua ya mtende, manyoya ya mbuzi, na maji yaliyolowekwa usubi. Akapitisha ncha ya sindano katika kila tone. Mkono wa Shalali haukufanya chochote, naye akauonyesha watu kama cheti. Akafuata Dahiba. Tone la vumbi lilikauka tu. La mtende likakauka. La usubi likaanza kuvimba polepole, jeupe katikati na jekundu pembeni, kama mkate wa kabid unavyopanda kikaangoni.

"Huzuni yako hiyo hapo, mama," Nabra alisema.

Dahiba aliuinua mkono karibu na macho. "Ndogo hivyo?"

Siku hiyo ndipo ugomvi wao ulipoanza, kama ilifaa kuitwa ugomvi, maana hakuna aliyepaza sauti. Nabra alieleza kwamba mwili wa mama yake unamwona mdudu huyu kama jeshi, na unafunga njia zote za kifua asipite. Kwa hiyo asikae katikati ya mawingu yake. Mlango wa ziwani uzibwe, ufunguliwe mwingine upande wa jangwa.

"Kifua changu kikifunga milango yake ni shauri lake," Dahiba alisema. "Huu wangu haufungwi."

"Mama, unakuua."

"Nyumba inayoupa mto kisogo ina ugomvi na mto. Mimi sina."

"Mto ulikula nyumba yako."

"Uliwekewa mbele ukala. Wewe hujawahi kula kitu kwa sababu umewekewa?"

"Basi njoo Khartoum tukae wote."

"Garimoshi la serikali lilikuwa bure na sikulipanda. Nitapanda lako?"

Nabra hakumbishia tena. Aliondoka akiwa ameamua kwamba kama mlango haufungwi, basi kifua kitafundishwa. Watu wengi walisoma makala zake baadaye, katika nchi ambazo hazijawahi kuona usubi, na hawakujua kwamba kazi yote ile ilikuwa juu ya mlango mmoja wa udongo.

Kila baridi alikuja na shuka nyeupe. Aliitandika ufukweni, akatundika taa juu yake jua likizama, na usubi ukaanguka kama umande wa kijani. Tulikuwa tunamwona kwa mbali, mwanamke mrefu amesimama ndani ya mwanga unaotetemeka, haieleweki ni yeye anayetetemeka au hewa. Asubuhi alifagia wadudu kwa brashi laini, akawakausha, akaenda nao Khartoum. Huko aliwasaga wakawa unga, akauloweka, akauchuja, akatenganisha protini zake moja baada ya nyingine na kuzionjesha damu za wagonjwa, apate kujua ni ipi hasa inayoutia mwili wazimu. Umeme ulikatika, dondoo zikaoza. Wenzake walimwita daktari wa inzi. Alipelekwa kusoma nchi ya baridi, wakamwomba abaki katika maabara yenye kila kitu. Alijibu kwamba ilikosa usubi.

Jibu alilipata mahali ambapo hakutarajia. Mdudu wa kijani, kabla hajapata mbawa, huishi matopeni chini ya maji akiwa mwekundu kama uzi wa damu, kwa sababu anabeba protini ya jamii ileile inayobeba hewa ndani ya damu zetu, na hubaki nayo hata akiruka. Bila hiyo asingeweza kuvuta pumzi kule chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa inazuia pumzi za watu wa Halfa. Nabra alikaa na habari hiyo siku kadhaa bila kumwambia mtu, kama mtu aliyeota jambo akaogopa kulisimulia. Hatimaye alimwambia mama yake.

"Wanazaliwa kwenye matope, mama. Kule chini."

"Kule kwetu?"

"Kule kwetu."

Dahiba akatikisa kichwa. "Basi ni watoto wa nyumbani. Ndiyo maana wanajua mlango."

Ilichukua miaka mingine kabla ya sindano ya kwanza. Nabra aliileta mwenyewe, pamoja na dawa nyingine ya kumrudisha mtu ambaye mzio umemzidia, akaiweka karibu kabisa na mkono wake.

"Ndani humo mna nini?" Dahiba aliuliza.

"Wale wale. Kidogo sana."

"Unanitia adui mwilini?"

"Nakuletea mgeni. Leo anasimama nje. Akija tena atapewa maji. Mwisho atakaa mkekani na mwili wako hautamshangaa."

"Ndivyo nilivyomzoea baba yako," Dahiba akasema, akageuza uso ukutani ili achomwe.

Hakuna kilichotokea siku hiyo, wala iliyofuata, na baridi ya mwaka ule mluzi ulikuwepo. Baridi iliyofuata ulipungua. Kisha ikaja baridi moja ambayo Dahiba aliketi kizingitini mwa mlango wake, vazi jeusi limetandaa nyuma yake, usubi umemjaa mabegani kama vumbi la dhahabu mbichi, naye anakunywa chai. Akainuka, akashuka hadi majini, akanawa uso, akapanda kurudi bila kusimama njiani. Wanawake walipiga vigelegele kutoka mapaa ya jirani. Baada ya hapo nusu ya mji ilijipanga kwa sindano.

Huenda ni mwaka huohuo Nabra alipoanza kupiga chafya. Alisema ni vumbi. Alasiri moja maabarani, akiwa anasaga, alisikia mluzi, akageuka kumtafuta mtu. Hakukuwa na mtu. Alijidondoshea tone mkononi, akajikwaruza, na uvimbe haukungoja. Ulipanda hadi kwenye kiwiko. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi wanaoshinda na mdudu huyu miaka na miaka, wakivuta unga wake: mwili unavumilia, unavumilia, kisha siku moja unakataa. Alijaribu kujitibu kwa dawa aliyoitengeneza mwenyewe. Dozi ndogo ambayo mama yake aliifanyia mzaha ilimwangusha sakafuni, na wenzake ndio waliomrudisha. Hakujaribu tena. Aliwaachia wengine kusaga, akabaki na damu na hesabu zake. Na hakuja tena Halfa wakati wa baridi.

Alikuja kiangazi, hewa ikiwa tupu na mwamba unachoma. Hakumwambia mama yake sababu. Alisema ni wanafunzi, ni mitihani. Dahiba aliuliza mara moja, hakuuliza tena, ila kila baridi alituma salamu kwa kila aliyepanda garimoshi: mwambieni usubi umekuja vizuri mwaka huu. Kwake ilikuwa habari njema. Alikuwa amezeeka sana, na wote wawili walijua kwamba hazijabaki baridi nyingi.

Shalali ndiye aliyeleta ukweli. Mtoto wa dada yake alikuwa anasoma Khartoum, akamsimulia, na Shalali hakujua kuzuia habari mdomoni, kama asivyojua kuzuia sukari. Tulikuwa tumeketi kwa Dahiba. Alisikiliza hadi mwisho, na chai yake ikapoa mkononi.

"Mwanangu ana kifua changu?" aliuliza.

"Kibaya kuliko chako."

"Na mimi namwambia usubi umekuja vizuri."

Asubuhi yake alimwita Shalali akande udongo, na akatuma neno kwa Nabra: mama yako anasema uje, usingoje kiangazi.

Nabra alidhani anaitwa kwenye maziko. Alishuka garimoshini amejifunga kitambaa puani, macho yamevimba tayari, akapanda mwinuko akikimbia na kusimama. Alimkuta Shalali ana udongo hadi kwenye viwiko. Pale palipokuwa na mlango palikuwa na ukuta mbichi, matofali bado meusi kwa maji. Mama yake alikuwa upande wa pili wa nyumba, upande wa jangwa, ameketi mbele ya tundu jipya lililoning'inizwa mkeka.

"Nani kakwambia uzibe?" Nabra aliuliza, akitafuta pumzi.

"Wewe. Nimechelewa kusikia."

"Dawa inakufaa, mama. Hukuhitaji."

"Mimi sikuhitaji," Dahiba alisema.

"Ingia, dokta," Shalali akasema, "kabla hawajajua kwamba tumehamisha mlango."

Ndani mlikuwa na giza la kijivu na harufu ya udongo mbichi. Nabra aliketi sakafuni, akaegemea, akangoja kifua kiamue. Nyuma ya matofali usubi ulikuwa umefika, wingu zima limejibandika ukutani, na sauti yake ilipenya hafifu, kama watu wengi wanaosali kwa pamoja mbali sana.

"Umeupa mto kisogo," Nabra alisema.

"Nimeenda alfajiri nikawaambia watu wa mtoni kwamba nina mgonjwa. Wanaelewa. Na wao wana watoto." Dahiba alimsogelea, akaweka kiganja kifuani pa binti yake, akakiacha hapo. "Vuta."

Nabra akavuta. Mluzi ulikuwepo, mwembamba, ukienda mbali. Akavuta tena. Alikaa Halfa baridi yote ile, katika chumba kisichoona maji, na jioni mama yake alikuwa anatoka peke yake, anazunguka nyumba hadi upande wa ziwa, anarudi kumwambia lilivyo, akikung'uta usubi mabegani kabla hajainua mkeka.