Taa Iliyogombana na Pazia la Maman

Pikipiki iliponiangusha kwenye barabara ya Kamituga, kichwa changu kiligonga jiwe, na nadhani jiwe ndilo lililoumia zaidi. Kidonda kilipona, lakini usingizi ulihama saa: usiku macho makavu, mchana nakoroma juu ya cherehani hadi Kalehe wananisikia. Mimi, niliyechukua diplome ya masomo ya jioni bila kupiga mwayo hata mmoja! Patron wa atelier yetu ya ushonaji akasema wazi: “Fundi, nguo za wateja si matandiko. Mwezi ukiisha na ungali unalala, mashini nitamupa mwengine.”

Daktari aliniazima taa nyeupe, kali kuliko jua la Uvira.

“Kichwa kikigongwa, mwili unaweza kusahau saa,” alisema. “Kila asubuhi kaa mbele yake nusu saa, usiikodolee macho. Haiponyeshi yote. Inaweza kukusaidia usingizi. Courant ya umeme ikikatika, kaa mlangoni penye jua.”

Vita ilikuwa nyumbani. Kwetu mgonjwa wa kichwa hufungiwa pazia, na wageni hunong'ona. Nikiwasha, maman anazima.

“Mutoto yangu, kichwa iliumia, na wewe unaiongezea moto?”

“Maman, hii ni mwanga, haina moto.”

“Mwanga gani inakula courant yote?”

Kweli courant ilikuwa haba; ikirudi tu, simu za majirani wa parcelle nzima zilijaa kwenye prise yangu ya ukutani. Siku courant ikikatika nilikaa mlangoni, na maman alinifuata na kitenge, akanifunika kichwa kama mkungu wa ndizi unaoivishwa.

Nikamwomba hicho hicho kitenge.

“Nikushonee nguo ya misa. Lakini uniachie taa. Nikisinzia juu ya kitenge chako, funga pazia hata mwaka.”

Akakubali, akijua atashinda. Wiki zikapita, usiku nikaanza kulala, na mchana mmoja nikamaliza kola ya nguo hiyo pale atelier bila kusinzia. Patron aliipindua mara elfu, akitafuta kosa.

“Kesho uje mapema,” akasema. “Mashini yako inakungoja.”

Asubuhi yake jirani aliingia kunisalimia, akanikuta mbele ya taa, akanyoosha mkono kwa huruma anifungie pazia. Maman alikuwa amevaa nguo yake mpya, ingawa haikuwa siku ya misa.

“Acha pazia, jirani!” akafoka. “Fundi yangu iko kwa dawa. Na ile simu yako, chomoa.”