Velo ya kaboni ya shemeji

Shemeji yangu alileta mjini Kasongo velo ya kaboni, baiskeli nyepesi kama kitunga. Akaibebesha bidoni za mafuta ya mawese hadi Kabambare, kama velo zetu za chuma. Ikapasuka chini ya kiti. Nikaigonga kwa ufunguo: penye uzima ililia kavu, penye ufa ikalia kama ubao uliooza.

"Shemeji, hizi ni nyuzi na gundi tu. Imekufa," nikamwambia.

Akaujaza ufa siraji, rangi ya viatu, akauviringishia mpira wa tairi, kama tunavyofunga velo zetu zote, mutu asishuku. Sokoni akamwapia mununuzi, mate yakimruka: "Iko muzima!"

"Basi panda wewe kwanza," mununuzi akasema.

Shemeji akashika goti. "Leo linaniuma."