Nekesa Alivyochimba Kombe Msambweni

Safari ile ilianzia kwenye somo la jiografia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kachibora, katikati ya miaka ya themanini, na kwa muda mrefu niliwafundisha watoto kwamba bahari hujaa na kupwa ilhali mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Siku moja binti yangu Nekesa, aliyekuwa darasa la tano, akaniuliza maji yakipwa huwa yanaenda wapi. Nikamwandikia Juma, rafiki niliyefundisha naye Kitale kabla hajarudi kwao Msambweni, pwani. Akatuambia tuje likizo ya Agosti, dada yake atupeleke kuchimba kombe, wale viumbe wa gamba wanaojizika mchangani.

Ndugu zangu kule Kabuchai walinishauri nimwache Nekesa kwa nyanya yake. Polio ilikuwa imemdhoofisha miguu yote miwili, naye alitembelea magongo. Walisema bahari si mahali pake. Mke wangu Selina aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema kama Nekesa haendi, basi hakuna anayeenda. Tukaondoka wanne: sisi wazazi, Nekesa, na kaka yake Barasa.

Kutoka Kitale tulipanda basi asubuhi ya baridi, viazi vitamu vya kuchemsha vikiwa bado vya moto kikapuni. Nairobi tukashika gari la moshi la usiku la Mombasa. Tulipoamka, dirishani kulikuwa na minazi, na sweta zetu zote zilikuwa zimeshakunjwa na Selina.

Tukavuka Likoni kwa feri, tukafika Msambweni mchana. Dada yake Juma, Mama Riziki, alitupokea kwa maji ya madafu. Aliyatazama magongo ya Nekesa, akamuuliza jambo moja tu, kama mikono yake ina nguvu. Nekesa akajibu kwamba nguo zake anafua mwenyewe.

Kesho yake maji yalikuwa yamepwa, bahari iko mbali kabisa, na mbele yetu mchanga mtupu unang'aa. Hatukufika mbali. Magongo yalizama, Nekesa akasimama, akayang'oa, yakazama tena. Nikainama, nikambeba.

"Baba, niweke tu hapa chini," akasema.

Nikamweka. Akanipa magongo, akaanza kujivuta kwa mikono na magoti, Mama Riziki akimwelekeza atafute vitundu vidogo mchangani, kisha achimbe pembeni yake kwa vidole, polepole, mpaka aguse gamba. Wadogo warudishwe wakue. Barasa alichimba kama anayelima shamba la mahindi, akawavunja wawili wa kwanza. Mimi nilichoka mgongo kwa kuinama, na nilichokipata kwa muda mrefu kilikuwa jiwe. Nekesa alikuwa chini pale pale kombe walipo. Aliwasikia kwa vidole kabla hajawaona. Ndoo ya Mama Riziki ikaanza kujaa, nasi tukajikuta tunamfuata yeye, tukimuuliza tuchimbe wapi.

Hatukuona maji yakigeuka. Mama Riziki alituita turudi, na nilipotazama ufuo niliona mkondo umeshapita kati yetu na nchi kavu. Haukuwa na kina, lakini ulikuwa ukipanuka. Nikamkimbilia Nekesa. Akanisukumia ndoo.

"Beba hii, baba. Mimi nitakuja."

Nilitaka kukataa. Mama Riziki akanishika mkono, akasema nitembee kando ya Nekesa tu, nisimguse. Nekesa akaingia majini kwa viwiko. Yalipomfika kifuani, yakamnyanyua. Miguu ile iliyokuwa mizigo ikaelea nyuma yake, naye akajivuta kwa mikono, haraka kuliko mimi niliyekuwa nikijikwaa na ndoo. Alifika ng'ambo kabla yetu sote, akakaa mchangani akitungoja, anacheka. Selina alilia bila kujificha.

Jioni kombe waliachwa kwanza wateme mchanga kwenye maji ya bahari, kisha wakachemshwa mpaka wakafunguka, wakapikwa kwa tui. Barasa alisema ati ni konokono hao, yeye hawali. Nekesa alikula, akaongezewa, na Barasa akaishia kulamba sufuria.

Siku ya kurudi, ndani ya gari la moshi, mama mmoja aliyeketi mkabala nasi aliyatazama magongo, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama vile mtoto hayupo, kama tulimpeleka Mombasa kutibiwa au kuombewa. Nilikuwa nafungua mdomo.

"Hapana, mama," Nekesa akasema. "Nilienda kuchimba kombe. Nilijaza ndoo."

Yule mama akamgeukia, akamuuliza kombe huchimbwaje. Nekesa akaanza kumweleza, vidole vyake vikichimba hewani, na abiria wa kiti cha pili wakasogea wasikie. Mimi nikayasogeza magongo pembeni wapate nafasi. Mtoto wangu hakuhitaji nimsemee.