Ukurasa wa Tatu wa Baba Wangechi

Mkitaka kunicheka, chekeni tu, lakini mkasa huu sijawahi kuusimulia wote, na mpaka leo nikienda mazishini na kupewa ile karatasi yenye wasifu wa marehemu, huikunja bila kuifungua na kuangalia viatu vyangu. Aibu niliyopata Kangema haijaniisha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwandishi na mchapishaji, au hivyo ndivyo nilivyojiita (mama yangu aliniita mtu asiye na kazi aliye na karatasi nyingi). Tena nilikuwa anakisti, yaani, kama nilivyomweleza kila mtu aliyefanya kosa la kuniuliza, niliamini kwamba watu wanaweza kuendesha mambo yao bila chifu, bila bosi, bila yeyote wa kuwasimamia. Nyumba yetu ya uchapishaji ilikuwa chumba kimoja pale Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono ambayo shule fulani ilikuwa imeitupa, na watu wawili, mimi na Wangechi. Wangechi alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini Nyeri, na ndiye aliyetukatia stensili zote, zile karatasi za nta zinazopigwa chapa kwanza ndipo zirudufishwe. Sheria yetu ilikuwa moja tu, nami mwenyewe ndiye niliyeiandika ukutani kwa makaa: hapa hakuna mkubwa wala mkaguzi. Kila mtu afanye kazi yake, mwenzake asimchungulie.

Basi baba yake Wangechi akafariki huko kwao Kangema. Alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa, mtu mpole. Ndugu zake Wangechi, wanaume watano, wakagawana nafasi zote za kuongea siku ya mazishi, na dada yao wakamwambia muda ni mfupi, yeye aandike tu maneno yake kwenye wasifu, yatasomwa. Akaandika ukurasa mzima. Wasifu wote uliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu wakwe walikuwa wanatoka upande wa Meru, na nafasi yake ikawa ukurasa wa tatu, kati ya sita. Akaniletea stensili za wasifu mzima nizichape, macho yamevimba, akaniambia, "Hii ndiyo nafasi yangu ya kumwambia baba kwaheri. Sina ingine."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nachapa kijitabu chetu kipya, kurasa sita pia, karatasi ileile, herufi zilezile za mashine yake ya ofisini, kinachowasema watu wakubwa wa vijijini. Nikazipanga karatasi za kazi zote mbili kitandani, mezani na juu ya masanduku, nikawa nazunguka chumba nikichukua moja hapa na moja pale na kubana pini, na mahali fulani katika kuzungukazunguka huko mafungu mawili ya ukurasa wa tatu yakabadilishana nafasi.

Wangechi alipokuja kuchukua programu zake za mazishi, zenye ule wasifu, zikiwa zimeshafungwa kwa kamba, alisema, "Wacha nifungue moja niangalie tu."

Nami (Mungu anisamehe) nikaangua kicheko na kumwonyesha ukuta. "Umeanza kuwa mkaguzi? Si tulikubaliana?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Sawa basi. Nimekuamini."

Siku ya mazishi nilikaa mbele, nimevaa koti la kuazima, nimejaa kiburi, maana kila mtu alikuwa ameshika kazi ya mikono yangu, hata chifu aliyeketi kwenye kiti cha mbele na askari wake. Binamu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepewa kusoma, na alikuwa mwalimu wa aina ile anayesoma chochote kilichoandikwa bila kupumzika. Ukurasa wa pili ulimalizikia katikati ya sentensi, kwa hiyo akafunua na kuendelea mbio: "Majirani wote watamkumbuka marehemu kama mtu... ambaye hajawahi kushika jembe lakini tumbo lake limejaa jasho la wenzake. Akija kwako, usimpe kiti. Akifa, usilie."

Hayo yalikuwa maneno ya kijitabu changu. Nilitaka kusimama niseme acha, lakini yule mwalimu akaendelea (yaani hata hakupunguza mwendo!) kwa sababu kwetu wasifu husomwa kama ulivyochapwa na watu hufuatilia kwa vidole, na kila mmoja alidhani ndiye peke yake aliyesoma vibaya. Alifika mpaka pale nilipoandika kwamba chifu ni kupe, ndipo shangazi mmoja akapiga kelele, "Haiya! Ati nini? Huyu ni ndugu yangu munatukana?"

Chifu akaikunja karatasi yake vizuri akaitia mfukoni (siku ya tatu mashine yetu ilibebwa na askari, na sikuwa na nguvu hata ya kuuliza ilipopelekwa). Mchungaji akakohoa, akasema turuke tuende ukurasa wa nne, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Wakaruka. Niligeuka kumtafuta Wangechi. Alikuwa amesimama kando ya jeneza akipekua karatasi mbele na nyuma, mbele na nyuma, anatafuta maneno yake, na hayakuwepo. Baba yake akazikwa bila kuyasikia.

Alinijia baadaye kwenye matope, mbele ya watu wote. "Si ungeniachia tu niangalie?" akaniambia. Hakupaza sauti, na afadhali angenipiga.

Ukurasa wake, kama mlivyokwishajua, ulikuwa ndani ya vijitabu, navyo nilikuwa nimeshavipeleka kwenye soko la Kagio na kuviacha kwa mama mmoja anayeuza vitunguu, ambaye huwagawia wateja wake. Nilipoenda kuvikusanya alikuwa amebaki na vinne. Akaniambia ile siasa yetu haijui, lakini ile sehemu ya msichana ambaye baba yake alikuwa akimchemshia maziwa kabla ya kwenda shule, aliisoma mara mbili, na mwanamke wa kibanda cha pili alilia.

Nikaona hii ndiyo dawa. Nikaenda Kangema na vile vinne, nikamkuta Wangechi akichuma chai, nikamweleza yote, haraka haraka, kwamba maneno yake hayakupotea, watu wameyasoma, wameguswa hata kulia.

Hakuacha kuchuma. "Sikuwaandikia watu wa Kagio," akasema. "Nilimwandikia baba."

Bado siamini wakubwa, msinielewe vibaya. Lakini niliapa siku hiyo kwamba hakuna karatasi itakayotoka mikononi mwangu kabla mtu mwingine hajaifungua na kuisoma, na nimeishika ahadi hiyo. Nimeshasomewa na watu wengi tangu wakati ule. Wangechi sijathubutu kumwomba.