Lumbesa Haikutajwa

Serikali yetu na ya jirani zilipofungiana mpaka, vitunguu vya mama yangu viliozea shambani Mang'ola. Zilipopatana, mawaziri walionekana kwenye televisheni wakicheka kama mashemeji harusini. Wiki hiyohiyo mnunuzi wetu wa Nairobi akatokea na lori, na pakiti ya majani ya chai kwa mama.

Huyu bwana miaka yote alidai lumbesa: gunia likishajaa, liongezewe kilima cha vitunguu juu, kishonewe wavu, naye ahesabu gunia moja. Nasi, kwa mazoea ya kijinga, tulikuwa tumeshamfungia vitunguu vilivyosalia hivyohivyo.

Mama alimchemshia chai yake ileile aliyoleta. Alipokaa kuinywa, mama akachukua kisu akaanza kukata vile vilima, gunia baada ya gunia.

"Mama, tumegombana tena?" mnunuzi akauliza.

"Wakubwa wamekubaliana vitunguu vivuke. Lumbesa sikusikia ikitajwa."

Bwana yule akanigeukia mimi, msomi wa nyumba, nimtetee. Nikajifanya nakagua matairi ya lori.

Mwishowe akakubali. Akaonja chai, akakunja uso, akauliza kama kuna sukari.

"Imekwama mpakani," mama akamjibu.