Fundi wa Simu Asoma Maoni

Fundi wa simu wa sokoni Kilifi husoma habari kwa sauti huku vidole vyake vyembamba vikichomea nyaya, na hakuna mjadala wa mtandaoni asioutia neno lake. Juzi mzee mmoja wa Ganze alimpa simu.

"Mwanangu, nisomee. Wajukuu wamekataa kuniambia watu wanasema nini juu yangu."

Fundi akasoma. Chini ya picha ya mzee waliandika kuwa ni mchawi. Wa mwisho akasema mvi zile ni ushahidi tosha. Jina la aliyeandika hayo akaliruka.

"Huyo wamjua?" mzee akauliza.

"Ni mimi, baba," fundi akajibu, macho chini.

Mzee akachukua simu yake, akamshukuru kwa kumsomea.